Kwenye Viwanja vya Wamangi: Old Moshi, Kibosho na Marangu

Alhamisi, Old Moshi

Ukija Kilimanjaro kutafuta ikulu ya mangi, yaani mtawala wa Wachagga, usitegemee jumba la ghorofa lenye geti la chuma. Mlima huu haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja imekaa kati ya korongo na korongo, na kila mangi alikuwa na boma lake: nyumba za nyasi za wake zake, zizi, uwanja wa baraza, migomba, na mfongo wa maji unaopita karibu. Nyasi huoza. Kinachobaki ni uwanja, mawe, miti, na watu wanaojua nini kilikaa wapi. Hivyo ndivyo vilivyonitoa Arusha kuja kuviona, kabla wale wanaojua hawajatuacha.

Nililala kwa mama mdogo Kiboriloni. Asubuhi alinitafutia bodaboda kijana wa huko huko juu, akamwagiza asinishushe njiani hata barabara iwe na utelezi namna gani. Kutoka Kiboriloni njia inapanda moja kwa moja. Vumbi la sokoni linaisha, baridi inaanza, na kila kona ina mgomba, mbuni na ng'ombe wa zizini anayechungulia kwenye upenyo wa mbao. Huku ndiko Moshi yenyewe ilikokuwa. Mji tunaouita Moshi leo uko bondeni kwa sababu ya reli: treni ya kutoka Tanga ilifika 1911, biashara na serikali vikashuka kuifuata, na nchi ya Mangi Rindi ikabaki juu ikiitwa Old Moshi.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, jirani wa ukoo wa mume wa mama mdogo. Tulimkuta anapogolea mibuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuona mti au umekuja kusikiliza?"

"Vyote viwili, babu."

"Basi tuanze na kusikiliza. Mti haukimbii."

Akanisimulia tukiwa tunatembea, na ninaomba msomaji atembee nasi polepole hapa, kwa kuwa Old Moshi ndiyo inayobeba uzito wa safari nzima.

Mangi Rindi, ambaye wageni walimwandika kwa jina la Mandara, alitawala hapa hadi alipofariki 1891. Wageni wengi waliotaka kuujua mlima walipita kwake: Charles New mwaka 1871, Harry Johnston mwaka 1884, wamisionari wa Kiingereza wa CMS (Church Missionary Society) kuanzia 1885. Na mwaka huo huo wa 1885 ndipo uwanja wake ulipoonja siasa za dunia. Jenerali Mathews alikuja kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, akawakusanya wamangi, wakakubali bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye akafika Mjerumani Karl Jühlke na karatasi yake, na Rindi akaipokea nayo. Kuna wanaosema Rindi alidanganywa. Mimi naona mtu aliyekuwa akipima upepo: Sultani ana pwani, Mjerumani ana bunduki, Kibosho jirani yake ni adui, na yeye anataka apate faida kutoka kila upande. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin na zawadi kwa Kaisari. Vijana wa Old Moshi walitembea Berlin kabla bondeni hakujawa na stesheni wala mji.

Aliyelipa gharama ni mwanawe. Mangi Meli alirithi kiti akiwa kijana, na hakuwa na subira ya baba yake. Juni 1892 jeshi la Kijerumani lilipanda kumwadhibu, yeye na watu wake wakalishinda, na kamanda von Bülow akafia vitani. Kwa muda Wajerumani waliiacha Moshi kabisa. Babu alisimama hapo, akanionesha kwa kiganja jinsi ardhi inavyoshuka kwa matuta ya migomba, korongo upande huu na korongo upande ule.

"Mwenye kujua njia yuko juu, asiyejua yuko chini na amebeba mizigo," alisema. "Hesabu mwenyewe."

Agosti 1893 walirudi na gavana von Schele, wengi zaidi, na safari hiyo Meli akashindwa. Wakajenga kituo chao hapa hapa, kwenye nchi yake, naye akabaki mangi chini ya macho yao.

Kisha tukaenda Tsudunyi, kwenye mti. Hapa ndipo Kapteni Johannes aliposimamia kunyongwa kwa viongozi 19 kwa siku moja, tarehe 2 Machi 1900. Meli alikuwamo. Molelia, mangi wa Kibosho, alikuwamo. Viongozi wa Meru na Arusha walikuwamo pia, jambo ambalo sisi wa Arusha hatulifundishi kama inavyostahili: damu ya nyumbani kwetu imemwagika kwenye uwanja huu. Walishtakiwa kwa kupanga njama. Wazee wanasimulia kwamba Meli alining'inia kwa saa nyingi bila kukata roho, na watu wake wamelazimishwa kutazama.

Gamba la mti lina mikunjo mirefu, na kwenye mikunjo kuna ukungu wa kijani uliokauka upande wa jua na kulowa upande wa kivuli. Pembeni kuna sanamu ya Mangi Meli, kichwa na mabega. Watoto wa shule walikuwa wakipita na sare zao, na mmoja wao, mdogo kabisa, aliligusa jiwe la sanamu kwa kidole bila kusimama, kama mtu anayepita kwao.

Kichwa chenyewe cha Mangi Meli hakiko hapa. Baada ya kunyongwa, inaaminika kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, wakati ambapo Felix von Luschan wa Berlin alikuwa akikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa maelfu. Mjukuu wake, Isaria Meli, alibeba dai la kukirudisha kwa miaka mingi, hadi akatoa sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vimeoanisha mafuvu matatu na ndugu walio hai Tanzania, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Novemba mwaka huo Rais Steinmeier alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Babu aliposikia nimelitaja hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kuomba radhi ni mwanzo mzuri. Kwetu, mtu akiomba radhi huja na jani la mmea wa isale mkononi, na huja nyumbani kwa aliyemkosea.

Nilipoaga alinipa mkungu mdogo wa ndizi mchare nimpelekee mama mdogo. Kukataa isingewezekana.

Ijumaa, Kibosho

Kibosho ni kwa mama yangu, kwa hiyo safari hii sikuwa mgeni. Mjomba alinipokea kituoni, akanibebea begi bila kuuliza.

Nilipokuwa mdogo nilimsikia Mangi Sina akitajwa kama jina la kutisha watoto wasiolala. Ukubwani ndipo nilipojua alikuwa nani. Katika miaka ya 1870 na 1880 ndiye aliyekuwa tishio la mlima mzima. Alishindana na Rindi kwa ng'ombe, kwa bunduki, na kwa njia za biashara ya pembe za ndovu. Boma lake halikuwa la uzio wa miti peke yake. Lilizungushiwa kuta za mawe, na ilibidi Wissmann mwenyewe, kamishna wa Ujerumani, aje na jeshi na mizinga Februari 1891 ndipo lilipotekwa. Wajerumani waliokuwa wamezoea kuchoma mabanda ya nyasi walikutana na ngome.

Mjomba alinipitisha kwenye vihamba vya watu, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba, tukiomba njia kila nyumba. Hodi, shikamoo, tunapita kidogo tu. Kilichobaki ni vipande. Kipande kirefu nilichokiona kinanifika kifuani sehemu ya juu kabisa, kisha kinashuka mpaka magotini, kisha kinapotea ndani ya mibuni. Nilipiga magoti nikaangalia jinsi kilivyojengwa. Hakuna saruji wala chokaa. Jiwe kubwa limekaa chini na tumbo lake kwa nje, dogo limeshindiliwa kwenye pengo kwa nyuma, jembamba likawekwa kama kabari. Nilijaribu kulitikisa moja kwa mikono miwili. Halikucheza. Kwenye nyufa kuna majani ya mwituni na udongo mweusi uliojaa mizizi, na mizizi hiyo sasa imekuwa sehemu ya ujenzi, imefunga mawe kuliko alivyoyafunga fundi.

Hatua kama ishirini mbele, ukuta umekatika ghafla, na palipokatika udongo ni mwekundu, mbichi. Mjomba hakusubiri niulize. Mawe yalichukuliwa kujengea msingi wa nyumba. Siyo nyumba moja, na siyo mwaka huu tu. Lori la mawe lina bei, na mawe haya yako pale, yamechongwa tayari, bure.

Siwezi kumlaumu mtu anayejengea wanawe. Nchi imejaa, kihamba kimegawanywa kwa watoto, wajukuu, mpaka mtu anabaki na kipande cha kuweka nyumba na migomba michache. Lakini ilinichoma, na naandika bila kuficha. Ukuta huu ulimsimamisha Wissmann, na sasa unakwisha jiwe baada ya jiwe bila mtu hata kuupiga picha. Hakuna kibao. Hakuna ramani. Mtoto wa jirani aliyetufuata alidhani ni mpaka wa shamba.

"Mjomba, kwani serikali haijui?"

"Serikali gani? Ya kata inajua. Ya mkoa nayo labda inajua. Kujua si kazi, mwanangu. Kazi ni nani aanze."

Kutoka ukutani tulipanda mpaka kwenye mfongo, na hapa nilipata furaha ya siku. Mfongo ni mfereji unaochotwa mtoni huko juu kabisa, karibu na msitu, ukatembezwa kwenye ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo mno hadi ufike mgongoni mwa ardhi, kisha ukagawanywa kihamba kwa kihamba. Waliouchimba hawakuwa na kipimo cha fundi. Walitumia maji yenyewe: chimba, achia, tazama yanapokataa, rekebisha. Kuna wazee wa mfongo wanaopanga zamu na kuita watu kuusafisha, na asiyetokea hutozwa. Mangi alikuwa na nguvu, lakini naye alikunywa kwenye mfereji uliochimbwa na koo, na hakuweza kuufunga apendavyo. Maji niliyoyaona yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, masafi, yanakwenda kwa kasi ya mtu anayetembea. Mjomba alinawa uso. Nami nikanawa.

Jioni kulikuwa na mtori, na wazee wawili wa ukoo wakaja na mbege. Kata ya pombe ilipozunguka, mazungumzo yakarudi kwenye ukuta. Mmoja alisema baba yake alimwonesha mlango wa boma ulipokuwa. Nikamwomba anioneshe kesho kutwa, akakubali.

Jumamosi, Marangu

Daladala hadi Himo, nyingine hadi Marangu Mtoni. Marangu imezoea wageni na inajua kuwapokea; nitaipita haraka zaidi.

Hapa alitawala Mangi Marealle, mwanasiasa stadi kuliko wote wa kizazi chake. Wakati Meli alichagua kupigana, Marealle alichagua kukaa karibu na Wajerumani na kuwatumia. Wapanda mlima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliondokea kwake, wakafika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na watu wa Marangu hawatakuacha uondoke bila kukutajia Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa huko anayekumbukwa kama kiongozi wa njia. Mwaka 1891 kituo cha Wajerumani kilihamishiwa Marangu chini ya Carl Peters. Urafiki huo haukuwa wa heri. Peters aliwanyonga hapa mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, na ukatili huo ulikuja kumfukuzisha kazi 1897. Ninaitaja kwa sababu nilimsikia mwongoza wageni akisimulia kipindi kile kama cha maendeleo na barabara tu, na wageni wake wakiandika.

Kwenye makumbusho ya Wachagga kuna nyumba ya kale iliyojengwa upya, ya nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Ingia. Macho yanahitaji muda kuzoea giza. Kulia ng'ombe, kushoto watu, jiko katikati, juu dari ya kukaushia ndizi na ulezi kwa moshi wa kuni. Nyumba za mangi zilikuwa za namna hii hii. Kilichomtofautisha mangi na raia ni wingi wa nyumba, ukubwa wa uwanja, na idadi ya watu waliokula kwake. Karibu na hapo kuna mahandaki ya kujifichia wakati wa uvamizi. Nilishuka. Njia inakulazimisha uiname, halafu utambae. Adui akiingia, kichwa chake ndicho kinachotangulia.

Nikiwa nasubiri gari, kikundi cha wapagazi kilikuwa kinapanga mizigo ya watalii. Usiku wa kwanza kambi ya Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Mandara ni Rindi wa Old Moshi. Horombo ni mangi wa Keni, Rombo, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 19 na kujenga ngome za mawe kabla Sina hajazaliwa. Maelfu ya watu hulala kwenye majina ya wamangi hawa kila mwaka. Natamani kila mmoja asimuliwe walikuwa nani, jioni moja tu, chai ikiwa mkononi.

Nilirudi mjini nikapita jengo la KNCU, ushirika wa kahawa ulioundwa 1933, na hapo nikakumbuka sura ya mwisho ya wamangi. Mwingereza aliziunganisha nchi ndogo, akaweka wamangi watatu wakubwa wa Hai, Vunjo na Rombo mwaka 1946. Kahawa ilipopanda bei, Wachagga wakataka kiongozi mmoja, na 1951 wakamchagua Thomas Marealle, mjukuu wa yule wa Marangu, kuwa Mangi Mkuu. Akasimikwa Januari 1952. Mwaka 1960 wakapiga kura nyingine, wakataka rais wa kuchaguliwa kwa muda, na kiti kikaenda kwa Solomon Eliufoo. Uhuru ulipokuja, serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Hakuna boma lililochomwa safari hii. Watu walipiga kura.

Jumapili, Kibosho tena

Baada ya misa yule mzee alitimiza ahadi. Mlango wa boma ulikuwa kati ya masale mawili makubwa, ambayo sasa yamekuwa kichaka. Alisimama katikati, akanyoosha mikono, ikakaribia kugusa majani ya kila upande. Upana huo, alisema, ng'ombe hupita mmoja mmoja, na mlinzi anawahesabu. Nikapima kwa kamba, nikapiga picha, nikaweka alama kwenye ramani ya simu.

Kisha tukakaa barazani kwa mjomba, nikawaeleza jambo nililolisoma kabla ya kuja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe kila jengo lililojengwa kabla ya 1863. Ngome za Horombo zinaingia humo bila kuombwa. Ukuta wa Sina ni wa baadaye, kwa hiyo sheria haiushiki mpaka waziri autangaze kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana hakuna kosa la kumshtaki anayechukua mawe leo. Ndiyo maana pia kuna mlango wa kupitia: mtu aombe, aoneshe mahali, aoneshe picha, aoneshe wenye ardhi wamekubali.

Hili la mwisho ndilo lililochukua muda mrefu. Mwenye kihamba kimoja alitaka kujua kama serikali itamnyang'anya shamba. Swali halali kabisa, na hakuna aliyemkemea. Mjomba alipendekeza barua iseme wazi kwamba wakulima wanabaki na mibuni yao, na kinacholindwa ni ukuta na hatua chache kila upande. Mwingine akaongeza njia ya wageni ipite pembeni mwa mfongo isikanyage migomba, na atakayeongoza awe kijana wa hapa hapa. Nikaandika yote kwa mkono, kurasa mbili, mama mdogo kwenye simu akisahihisha majina ya koo.

Wanne wametia saini. Mwenye kihamba ameomba aisome na wanawe kwanza, na mjomba ataipeleka ofisi ya kata akirudishiwa. Mimi nimebaki na kazi ya kusafisha picha na kuchora ukuta ulivyo sasa, pamoja na pale palipokatika, ili aliye ofisini aone ni mita ngapi zimeondoka na ni ngapi zinaweza kuokolewa.